Mota Iliyolala Chini ya Jiwe

Miaka ya vita ilitufundisha sisi watu wa Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, kuficha vitu. Baiskeli zilipanda juu ya dari, redio zilizama ndani ya mapipa ya unga, na cherehani ya jirani yetu mmoja ilikaa shimoni chini ya kuku wanaoatamia, kwa sababu hakuna askari anayependa kudonolewa. Lakini kitu kilichowindwa kuliko vyote kilikuwa mota ya boti. Mwenye bunduki akiiona, aliiazima, na kuazima huko hakukuwa na siku ya kurudisha. Basi wenye boti wakawa wanazificha ziwani kwenyewe.

Namna ya kuificha mota majini ni hii. Unaondoa plagi, unamimina mafuta ya mawese ndani mpaka yajae, unarudisha plagi. Halafu unapaka mawese nje mpaka chuma chote kiwe chekundu. Unaiviringisha ndani ya mipira ya magurudumu ya lori iliyopasuliwa, unakaza kwa kamba za nyavu, na unaizamisha mahali mnapopajua wewe na mke wako tu. Kwetu kila chuma kinachoshuka ziwani hupakwa mawese kwanza, iwe mota, nanga, au kufuli ya mnyororo. Mtu anayezamisha chuma kikavu anaonekana kama mtu anayetoka nyumbani bila viatu. Nakuomba ukumbuke desturi hiyo, maana itarudi.

Mama mmoja wa kwetu, mjane, alikuwa na mota ya namna hiyo. Mumewe aliificha ndani ya pango la mawe, kusini mwa mji, mwishoni mwa kiangazi, ziwa lilipokuwa limeshuka. Wakati huo chini ya dari ya pango kulikuwa na nafasi ya hewa, na yeye aliisukuma mota ndani juu ya bidoni tupu, yaani madumu, huku akipumua vizuri, akaikalisha kwenye kibaraza cha jiwe kule nyuma. Kisha mvua zikaja, mvua kubwa, ziwa likapanda na kulijaza pango mpaka darini. Kabla maji hayajashuka, malaria ikamchukua yule bwana.

Kilichobaki ni boti yake ya mbao, iliyogeuzwa kifudifudi ufukweni, na mdogo wa marehemu aliyekuwa akiizunguka kila asubuhi kama mtu anayepima kitambaa.

"Mama, boti bila mota ni kuni tu," alimwambia mjane. "Tuivunje, tugawane mbao."

"Mota iko."

"Iko wapi?"

"Iko pale kaka yako aliiweka."

"Kaka yangu, Mungu amurehemu, alisemaka mambo mengi. Alisemaka pia atajenga nyumba ya ghorofa."

Mama yule hakuwa na shamba wala duka. Boti ile ndiyo iliyompelekea watoto shule, ikibeba watu na mihogo kandokando ya ziwa. Vita vilikuwa vimepoa kidogo, boti zilianza tena kuruhusiwa, na mkuu mpya wa wenye bunduki alikuwa anapenda chumvi na sabuni za Kigoma kuliko mota za watu. Mama akitoa mota, atasafiri. Asipoitoa, shemeji yake ataleta seremala aivunje boti. Ndivyo mambo yalivyosimama alipokuja kwangu.

Mimi nilikuwa fundi wa atelie, yaani karakana, ya reli. Treni zilikuwa hazitembei, kwa hiyo tulikwenda kazini kusalimiana. Katika kona ya stoo yetu kulikuwa na sanduku lililotoka zamani kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Ndani yake kulikuwa na chombo cha waokoaji, cha kuvaa mgongoni unapoingia katika shimo lenye moshi. Tulikiita pafu.

Ngoja nieleze pafu linavyofanya kazi, maana si jambo gumu hata kidogo. Unapopumua, mwili wako unachukua oksijeni kidogo tu ya ile uliyoivuta, na kurudisha iliyobaki pamoja na hewa chafu. Mzamiaji wa kawaida anatoa yote hiyo majini, ndiyo yale mapovu. Pafu halitupi kitu. Pumzi yako inapita kwenye tiyo, yaani bomba la mpira, inaingia kwenye kopo lenye chokaa ya punjepunje, chokaa inakamata hewa chafu, na pumzi iliyosafishwa inaingia kwenye mfuko wa mpira. Chupa ndogo ya oksijeni inaongeza kile kidogo ulichotumia. Kisha unaivuta tena. Ni kama mama anayefulia maji yaleyale, akiyachuja na kuongeza kikombe. Makopo ya chokaa yalikuwa bado yamefungwa tangu mgodini, na oksijeni tulikuwa nayo ya kuchomea vyuma.

Kuna sheria tatu, na nilizirudia mpaka watu wakanichoka. Ya kwanza, oksijeni tupu inageuka sumu ukishuka sana. Pango letu halikuzidi mita tano, na hapo ndipo mwisho wa ujasiri wetu. Ya pili, chokaa isiingie maji, maana maji ya chokaa yakirudi mdomoni yanachoma koo. Ya tatu nitaitaja baadaye.

Mzamiaji alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kabla ya vita alivua samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaosafirishwa kwa ndege kwenda kukaa ndani ya vioo vya watu wa mbali. Alipumua kwa tiyo ndefu iliyotoka kwenye kompresa juu ya boti. Vita vilipoanza, tajiri wake alivuka ziwa pamoja na kompresa, na shemeji akabaki na masiki ya kuzamia, mapezi ya miguu, na kifua kama ngoma.

Alikwenda kwanza kulitazama pango kwa kuzuia pumzi. Alirudi juu akicheka.

"Mulango uko chini kama uvungu wa kitanda," alisema. "Halafu ndani kuna kona. Na dari imejaa matope laini, kama masizi ya jikoni. Ukiigusa, giza."

"Na mapovu?" nikauliza.

"Mapovu njo mabaya zaidi. Yanapanda yanapiga dari, matope yote yanashuka, hauone hata mukono wako."

Basi ikawa wazi kwamba pafu, lisilotoa mapovu, lilikuwa chombo chenyewe. Tatizo lilikuwa moja tu. Lilijengwa kukaa mgongoni, nene kama mkate, na mlango ulikuwa uvungu wa kitanda.

Jioni hiyo nililiweka pafu mezani na kulitazama bila faida. Mke wangu alikuwa akipita na sufuria.

"Muko munatafuta nini?"

"Namna ya kumupitisha kaka yako chini ya jiwe na muzigo mugongoni."

"Na miye nikiwa na mutoto mugongoni, nikitaka kuchungulia chini ya kitanda, nafanyaka nini? Namuhamisha ubavuni." Akaenda na sufuria yake.

Kesho yake tukaanza kuhamisha mtoto. Kopo la chokaa lilikwenda ubavu wa kushoto, chini ya kwapa. Chupa ya oksijeni ilikwenda ubavu wa kulia, robine yake, yaani koki, ikitazama mbele ili mkono uifikie bila kutafuta. Mikanda niliishona kwa turubai ya mabehewa. Tiyo mbili za pumzi zilikuwa sasa ndefu mno, zikijikunja kama utumbo wa mbuzi, na kila mkunjo ni mahali pa kunasa. Nikazikata, nikaziunga upya kwa vibano.

Kazi iliyonishughulisha zaidi ilikuwa mfuko wa mpira. Ukiwa majini, maji yanaukandamiza. Ukiwa juu ya kifua chako, yaani mgongoni wakati unaogelea kifudifudi, kuvuta pumzi kunakuwa kazi. Ukiwa chini ya kifua, kutoa ndiko kunakuwa kazi. Tukiuweka ubavuni, shemeji akilalia upande mmoja atavuta kwa shida, akigeuka atatoa kwa shida. Tulijaribu huku na huku kwenye maji ya kina cha kiuno, mpaka tukauweka begani karibu na shingo, kimo kimoja na mapafu yake mwenyewe. Akapumua, akanyanyua dole gumba.

Mfuko ulimfanya aelee, na kila alipoinamisha kichwa ili azame akawa anainuka matako kama bata. Tukamfunga misumari mikubwa ya reli kiunoni. Reli ilikuwa haiendi popote, angalau misumari yake ilipata safari.

Majaribio yale yalikuwa sinema ya ufukwe wetu. Mdogo wa marehemu alikuja kila mara, akakaa juu ya boti aliyotaka kuivunja.

"Fundi," aliita, "huyo muntu umemufunga au umemuvalisha?"

"Nimemuvalisha."

"Naona kama jogoo ya kuuza."

Shemeji alitoa mdomo kwenye tiyo. "Jogoo anaangaliaka kuku. Weye utaangalia mota."

Siku ya kwenda ilipangwa. Mdogo wa marehemu alisema naye atakuja, awe shahidi, na kwamba seremala ameshaitwa. Kama mota haionekani siku hiyo, mbao zitaanza kung'olewa kesho yake asubuhi. Alisema hivyo kwa upole kabisa, akitafuna muwa.

Asubuhi tulikutana ufukweni, tukaazima mtumbwi. Nilikuwa nimepanga vifaa juu ya mkeka, nikaenda na shemeji kunywa chai na mihogo aliyotupikia mama. Tuliporudi, mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mkeka, akimaliza sala. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nilishika robine ya chupa ili nipime. Kidole kikateleza. Nikakitazama: chekundu. Nikakinusa: mawese.

Sijui kama nimewahi kuondoa mkono wangu mahali taratibu namna ile.

"Nani amepaka mawese hapa?"

"Ni miye," mama alisema kwa furaha. "Nimepaka yote. Robine, vibano, misumari. Nimeombea na nimepaka. Chuma hakishukake ziwani kikavu, Papa Fundi. Marehemu pia alipaka mota vile."

Hiyo ndiyo sheria ya tatu, ile niliyoahidi kuitaja. Nilikuwa nimemfundisha shemeji kila siku, lakini mama hakuwa mwanafunzi wangu, na mimi sikufikiria kwamba anayepika mihogo naye angegusa chupa. Mafuta na oksijeni tupu iliyobanwa havikai pamoja. Si lazima kuwe na kiberiti. Unafungua robine, oksijeni inatoka kwa nguvu, inakutana na mafuta, na moto unazaliwa hapohapo kwenye shaba, karibu na uso wa mtu. Mafundi wote wa kuchomea vyuma wanajua hilo. Mikono yao inaoshwa kabla ya kugusa chupa kama wanaokwenda kula.

Nilimweleza mama hivyo, polepole, tukiwa tumechuchumaa. Nilimwambia kwamba mawese ni mazuri kwa mota na kwamba ndiyo yaliyoilinda mpaka leo, ila chupa hii ni ya tabia nyingine. Alitazama mikono yake.

"Ningalimuunguza mutoto wa watu," alisema.

"Hapana, Mama. Robine bado haijafunguliwa. Tutaosha."

"Kwa muda gani?"

Ningeweza kupangusa kwa kitambaa, na tungeondoka. Lakini mafuta yanaingia kwenye hesi za skrubu, na kitambaa hakifiki huko. Kila kitu kilipaswa kufunguliwa, kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kusuuzwa, kuoshwa tena, kukaushwa.

"Mpaka kesho," nilisema.

Mdogo wa marehemu aliinuka, akajipangusa suruali. "Nilijua tu. Leo mawese, kesho upepo, kesho kutwa fundi anaumwa tumbo. Miye nitakuja na seremala, njo vile tulisema."

Shemeji yangu, ambaye uso wake ndio ungeungua, alisema, "Pangusa tu, fundi. Twende."

Mama ndiye aliyekataa. "Muoshe vyuma vyote," alisema. "Muoshe vizuri. Mambo ya boti, muniachie."

Tukaosha siku nzima. Mke wangu alichemsha maji mpaka jiko likalia. Nilifungua robine vipande vipande, nikaviosha, nikavinusa, nikaviosha tena. Shemeji alikuwa ananipokea kila kipande, ananusa naye kama anayechagua samaki. Hatukuacha mpaka kitu pekee tulichokinusa kikawa sabuni.

Kesho yake, tulipobeba vifaa kwenda ufukweni, tulikuta mambo ya boti yameachiwa mama kweli. Alikuwa ameigeuza boti ikakaa chali kwa msaada wa majirani, ameingia ndani na watoto wake, mbabula yake, lile jiko la makaa, sufuria mbili, na kuku mmoja. Alikuwa anapika. Seremala alikuwa amekaa ukingoni mwa boti, nyundo yake chini mchangani, sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo magotini.

"Siwezi kung'oa mbao na mama yuko anasonga bukari ndani," alimwambia mdogo wa marehemu, mdomo umejaa. "Hiyo si kazi yangu. Hiyo ni kubomolea muntu nyumba."

Mdogo wa marehemu alipanda mtumbwini kwetu. Mama aliwaachia watoto boti na seremala, naye akaja. Alipopita karibu na chupa aliweka mikono nyuma.

Kwenye mawe maji yalikuwa matulivu. Nilimvalisha shemeji, nikakagua vibano, nikafungua robine taratibu. Ilitoa sauti yake ndogo, kama mtu anayeomba watu wanyamaze, na hakuna zaidi. Alivuta na kutoa mara kadhaa, akasafisha mfuko, akachukua ncha ya kamba nene ya kufungia mota kiunoni na uzi wa nailoni mkononi wa kumwonyesha njia ya kurudi. Akazama.

Sasa jambo ambalo sikulifikiria. Watu wa kwetu walizoea wazamiaji wa kompresa, na mzamiaji wa kompresa unamsoma kwa mapovu. Mapovu yakija, anaishi. Shemeji aliteleza chini ya jiwe lile na ziwa likafunga juu yake kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuna povu hata moja.

"Hapumui," mama alisema.

"Anapumua, Mama. Pumzi inazunguka ndani. Nilieleza."

"Ulieleza, ndiyo. Lakini hapumui."

Mdogo wa marehemu, aliyekuwa ameshika kamba, alikuwa ameacha kutafuna muwa. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "tumuvute?"

"Ukimuvuta kwenye kona utamunasisha. Angalia uzi."

Uzi wa nailoni ulikuwa unatoka mkononi mwangu kidogo kidogo, unasimama, unatoka tena. Nikampa mama aushike. Nilimwambia kwamba kila uzi ukitembea, ajue mzamiaji anatembea. Aliushika kwa vidole viwili, akafumba macho, na baada ya kitambo akaanza kutangaza kama redio: "Ameenda. Amesimama. Ameenda. Amesimama." Halafu: "Amesimama." Halafu redio ikazimika, na mdogo wa marehemu akawa anatazama maji kama mtu aliyeangusha humo kitu chake mwenyewe.

Uzi ukalegea.

"Anarudi!" mama alisema. "Anarudi, nauvuta unakuja!"

Masiki ya shemeji ilitokea karibu kabisa na mtumbwi. Alitema mdomo wa tiyo, akafunga robine kama nilivyomfundisha, na ndipo akamtazama mdogo wa marehemu.

"Vuta," alisema. "Weye ulikuwa unataka kuona. Vuta sasa."

Akavuta. Mimi na mama tukasaidia. Kamba iligoma kwenye kona, shemeji akachungulia, akairekebisha kutoka mlangoni, ikaja. Kitu kilichopanda kutoka chini kilikuwa cheusi, kinene, kimefungwa kamba za nyavu kwa fundo ambalo mama alilitambua kabla hakijafika juu. Aliweka kiganja juu ya fundo lile. Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa anafungaka hivi hata mifuko ya unga."

Ufukweni tuliukata mpira. Mawese yalikuwa yameganda na kuwa kama sabuni ya rangi ya chungwa, na chini yake chuma kilikuwa kizima, isipokuwa kutu kidogo karibu na propela. Niliondoa plagi, nikayeyusha mafuta kwa maji ya moto, nikamwaga, nikasuuza kwa petroli, nikakausha. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili za raha kabisa, watu wakiwa wamenizunguka, kila mmoja akinishauri. Shauri zuri lilitoka kwa seremala, ambaye hakuwa ameondoka tangu ile bukari.

Tulipoifunga kwenye boti, mama alitaka kuvuta kamba ya kuwasha yeye mwenyewe. Alivuta, ikakohoa. Akavuta tena, ikapiga chafya. Mdogo wa marehemu aliingia majini mpaka magotini, akashikilia boti isiyumbe, akasema, "Vuta kwa bega, Mama, si kwa mukono. Kaka alikuwa anavutaka kwa bega."

Akavuta kwa bega. Mota ikanguruma.

Moshi wa kwanza ulitoka mnene na mweupe, na ulikuwa na mawese yote niliyoshindwa kuyatoa. Ulitembea juu ya mchanga ukanukia jiko la saa sita mchana, samaki kwenye kikaango na sombe inayochemka. Watoto walitazamana na kucheka. Mtu akapiga kelele kuuliza ni nani anayepika.

Mama aligeuza boti polepole mbele yetu. Shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, alikuwa bado amesimama majini mpaka magotini, nguo zimelowa.

"Unabaki?" mama akamwuliza.

Alinusa moshi, akatazama huku na huku kama anayetafuta sahani. "Hapana," alisema, akipanda. "Hii mota imenitia njaa."